Sikio la Gereji na Maharage Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Nimejipalia makaa. Kwa kichwa changu mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

Asubuhi bosi aliitisha kikao kando ya kompresa. Bosi ana sauti ya mtu anayezungumza na kola ya shati lake. Kompresa nayo inanguruma. Nikafanya ninachofanya siku zote: uso wa busara, mikono nyuma, kuitikia kwa kichwa kila anaponitazama. Huu ndio mfumo wangu. Hauna dosari. Miaka sasa nautumia, na hakuna aliyegundua kwamba masikio haya haya yaliyonipa jina la Sikio hapa gereji yanakwisha kidogo kidogo kama betri za tochi.

Kikao kikaisha. Watu wakaja kunipa mkono! Hata yule mpaka rangi, ambaye huwa hamsifu mtu, alinipiga begani. Nikashukuru kwa unyenyekevu. Sikujua nashukuru nini. Nikamfuata mama chai, ambaye kwa bahati nzuri hupiga kelele hata akisalimia, nikamwambia nataka maoni yake kuhusu kikao. Akasema mimi ni dume kwelikweli. Akasema yeye angekuwa mimi asingekubali katu.

Kukubali nini? Hiki hapa. Jumamosi ya wiki ijayo litaletwa gari. Mimi nitalisikiliza kwa sikio langu na bisibisi yangu. Waya atalipima kwa mashine yake. Waya ni fundi kijana anayetembea na nyaya shingoni mchana kutwa kama shali. Atakayepatia ndiye atakayepokea magari yote yanayoingia, kutamka ugonjwa kabla ya mtu mwingine kugusa nati. Kazi yangu hiyo, tangu gereji haijaezekwa! Atakayekosea anahamia kwenye pancha, kule nyuma ya vyoo.

Nilikubali. Kwa tabasamu, anasema mama chai.

Nikarudi nyumbani nimenywea. Sebuleni nimemkuta mama mkwe na mabegi mawili. Mke wangu akanikumbusha kwamba wiki iliyopita, wakati nakula, aliniuliza kama mama yake aje kukaa nasi siku chache, nami nikaitikia. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo. Hakuitika. Kama kawaida yake! Miaka yote hii shikamoo yangu haipokelewi, anasogeza midomo tu kwa dharau. Nami naendelea kumwamkia, maana nimelelewa.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amenipeleka kupimwa masikio. Alisema nikikataa atakuja gereji kuuliza mbele ya watu kwa nini siitiki nikiitwa. Nikavaa viatu.

Mtaalamu ni dada mmoja ambaye umri wake hauzidi wa buti zangu za kazini. Akaniingiza kwenye kijumba chenye kuta za sponji, akanivisha vitu masikioni, akanipa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Kumbe kuna dirisha la kioo! Nikagundua kwamba kila anapotuma mlio, kiwiko chake kinacheza. Basi nikaachana na milio nikafuata kiwiko. Bonyeza, bonyeza, bonyeza. Nikaona fahari. Kisha akaanza kujikuna kiwiko bila kutuma chochote, nami nikabonyeza kila alipojikuna. Akatoka, akageuza kiti changu kikatazama ukuta.

Majibu: sauti nzito nasikia. Zile nyembamba zimeniaga zamani: ndege, nusu ya maneno ya watu, upepo unaovuja.

Kisha akanipa somo. Sikio ni mlango tu, anasema, anayesikia ni ubongo. Sauti zinaingia zote kwa lundo, ubongo ndio unaochambua: haya ni maneno, hii ni kelele, hii inatoka kulia, hii achana nayo. Mlango ukikaa nusu umefungwa kwa miaka mingi, ubongo unasahau kuchambua. Unabaki kukisia. Ndiyo maana jioni nakuwa hoi kama niliyebeba injini mgongoni. Hilo ni kweli, na sikuwa nimemwambia mtu.

Akanipa vifaa viwili vya kusikia, vidogo, rangi ya kahawia, kama maharage. Alisema havipazi kila kitu ovyo ovyo. Vinainua zile sauti ninazozikosa na kuzishusha kelele kiasi, ili ubongo upate kitu cha kufanyia kazi. Lakini ubongo lazima ujifunze upya. Nivae vyote viwili, tangu kuamka hadi kulala. Nianzie mahali patulivu, mtu mmoja anisomee kila siku. Baada ya wiki kadhaa nitaona tofauti.

Nikamuuliza kama haiwezekani iwe tayari Jumamosi ya wiki ijayo. Akasema ubongo hauharakishwi. Nikamwambia hajauona wangu. Mke wangu akasema yeye ameuona.

Jumatano, 5 Machi

Nimevaa maharage asubuhi. Makubwa!

Friji yetu inaguna. Bomba la jikoni linadondosha. Ndala zangu zinapiga kelele kila hatua, na suruali yangu inasemasema magotini. Mke wangu alikunja gazeti nikadhani paa limeng'oka. Kijiko kikagonga kikombe, nikaruka, chai ikaniishia mapajani. Na kila sauti ina ukubwa ule ule! Hakuna iliyo mbele wala iliyo nyuma, zote zimejazana mlangoni zinataka kuingia kwa pamoja. Kuhusu mama mkwe na karanga zake sitaandika neno. Heshima.

Yeye mwenyewe anavaa vifaa kama hivi, miaka mingi sasa. Chungu kikifunuliwa jikoni, yeye anajua akiwa chumbani. Alinionyesha kwa vidole: asubuhi mpaka usiku, usivue. Nikatabasamu. Nilivua kabla ya kumaliza chai.

Nina mpango bora. Maharage yatakaa ndani ya soksi, kabatini, mapya kabisa, mpaka siku ya shindano. Siku hiyo ubongo wangu utashtuka, utaamka, utafanya kazi ya wiki zote hizo kwa mkupuo. Huyo dada ni mtaalamu wa masikio. Ubongo ni wangu mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerekebisha mpango. Nimeamua kujaribu harage moja tu, la kushoto. La kulia libaki akiba. Fundi gani anafunga vipuri vyote kwa pamoja?

Likaja gari dogo la mwalimu mmoja wa kike. Nikaegemea boneti. Na nikasikia! Kijimlio chembamba, kwii, kwii, kwii. Sijasikia kitu chembamba namna ile tangu lini sijui. Nusura nimkumbatie mwalimu. Kinatoka kushoto, nikatangaza. Nikang'oa tairi la mbele kushoto. Hakuna kitu. Nikang'oa la nyuma kushoto. Hakuna. Mlio bado upo. Nikaingia chini ya gari, upande wa kushoto.

Kumbe ni toroli. Mpaka rangi alikuwa anazungusha toroli lake la makopo, tena upande wa kulia wa gari. Mwenye harage moja upande wa kushoto kila kitu hukisikia kushoto! Waya alilisukuma lile toroli mpaka miguuni pangu, akauliza kwa adabu kama tulilaze au litibiwe na kurudi nyumbani. Watu wakavunjika mbavu.

Mwalimu alikuja kubadilisha oili tu. Aliuliza kama kung'oa matairi ni sehemu ya huduma. Nikasema ndiyo, kwa wateja maalumu.

Jumapili, 9 Machi

Mafunzo ya mkupuo. Nashangaa hospitali hawajayafikiria.

Wote walipotoka nikakusanya redio yetu, redio ya jirani, simu ya mke wangu na saa ya kuamshia. Nikajifungia stoo. Redio ya kwanza: mpira. Ya pili: kwaya. Simu: mtu anaeleza bei ya mbolea. Saa inalia. Nikavaa maharage yote mawili, nikaketi juu ya debe, nikaamuru ubongo wangu uchambue.

Ubongo ukagoma. Mpira ukaingia kwenye mbolea, mbolea ikaingia kwenye kwaya. Kichwa kikaanza kugonga. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi. Nikapapasa kutafuta kitasa, nikakuta mlango umeshafunguliwa, na mama mkwe amesimama hapo. Kumbe hakutoka na wenzake.

Akazima kimoja baada ya kingine. Kisha akakaa kwenye gunia, akanisogelea mpaka sikioni, akanieleza taratibu. Alisema hata yeye alipopewa vyake alilia kiti kilipoburutwa, akavificha ndani ya kopo la unga. Baadaye akawa anakaa na binti yake, yaani mke wangu huyu, anasomewa ukurasa mmoja kila jioni, mpaka siku moja akajikuta anafuata hadithi bila kukaza uso. Alisema mtu akitolewa plasta mguuni hapelekwi uwanjani kucheza mpira siku hiyo hiyo.

Nikamshukuru kwa heshima zote. Likaingia harage hili, likatokea harage lile.

Jumanne, 11 Machi

Yule dada wa masikio amepiga simu kuuliza maendeleo. Mke wangu akamjibu kwamba navaa mchana kutwa, hata kazini. Anaamini hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Maharage yako ndani ya soksi.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika upesi, kabla mkono haujakataa.

Shindano. Gereji nzima imejipanga. Gari lililoletwa ni la bosi mwenyewe, gari ninalolijua tangu likiwa na plastiki kwenye viti. Nikashusha kofia ifunike masikio, maharage yote mawili ndani. Injini ikawashwa. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, nisikilize kwenye mpini. Mpini ulipokaribia sikio, harage likapiga mluzi mkali, piiii! Nikatupa bisibisi, nikainama bila bisibisi.

Tikitikitikitiki.

 Mlio mkavu, wa haraka, kama cherehani iliyopandwa na wazimu. Kwenye gari la bosi! Nikapiga kelele wazime kabla haijapasuka. Nikatamka mbele ya wote: vali zimekwisha, injini inakufa, ashukuru nipo. Waya akachomeka nyaya zake, akasoma kwenye mashine, akasema gari ni zima. Nikamcheka. Nikamwambia mashine haina masikio. Nikaomba ruhusa ya kufungua nithibitishe. Bosi akaitikia kwa kichwa.

Nikafungua. Nikapanga kila kitu juu ya kitambaa. Kila kitu kinang'aa. Kila kitu kipo kama kilivyotoka kiwandani.

Bosi akasogea karibu kabisa na uso wangu ili nisikie. Alisema gari halikuwa na ugonjwa. Huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe.

Afadhali wangecheka. Hakuna aliyecheka. Waya alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba tikitiki ile ni nozeli zinapuliza mafuta, injini zote za aina ile zinalia hivyo siku zote, alidhani najua. Nilikuwa najua! Zamani mimi ndiye niliyewafundisha watu kwamba huo ni mlio wa afya. Nimeusahau. Nimeusikia leo nikadhani ni kifo.

Unga umemwagika. Jumatatu naanza pancha.

Jumapili, 16 Machi

Sijatoka chumbani asubuhi yote. Nimeumia, na sioni sababu ya kujificha kwenye shajara yangu mwenyewe. Mtu akiitwa Sikio maisha yake yote, akipokonywa sikio anabaki nani?

Mke wangu akampigia yule dada wa masikio, akaniwekea simu. Sikufichua habari ya soksi. Nadhani alijua. Alisema ubongo uliokaa bila sauti nyembamba kwa miaka huona kila sauti mpya ni hatari, unapiga yowe kwa zote. Hauwezi kukumbuka ipi ni ya afya mpaka uzisikie tena na tena, siku zote, za kawaida kabisa, ndipo uziweke mahali pake. Kwa hiyo ningejifunza kwa kuvaa, si kwa kutunza.

Nikavaa. Sikuwa na cha kupoteza.

Nikatoka sebuleni. Mama mkwe kaketi dirishani anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, nikageuka niende zangu kama kawaida. Na nyuma yangu nikasikia kitu kidogo, chembamba, kama karatasi inayokunjwa. Marahaba mwanangu.

Nikasimama. Nikamwamkia tena. Akaitika tena, na safari hii akashangaa. Nikamuuliza mke wangu jikoni, mama yako huwa ananiitika? Akasema siku zote. Tangu siku ya kwanza. Sauti yake ndiyo hiyo, ndogo.

Miaka yote hiyo nimemkasirikia mtu anayeniitika. Nilirudi chumbani nikajifuta uso. Ni vumbi la kabati.

Alhamisi, 20 Machi

Pancha. Kona yangu ina beseni la maji, tyubu, gundi, ukuta wa vyoo. Hakuna kompresa, hakuna kelele, hakuna mtu. Ni kimya mpaka unasikia maji yakitulia baada ya beseni kutikiswa. Yule dada aliposema mahali patulivu sidhani alimaanisha hapa, ila pametimia.

Jioni mke wangu ananisomea. Hatuna vitabu vingi, tumeanza na maelekezo ya pasi ya umeme. Nimejifunza mengi kuhusu pasi. Mama mkwe anakaa pembeni, nikikosea kurudia neno anakohoa. Anahesabu kama refa.

Na nimegundua mke wangu huimba kwa sauti ya chini akikunja nguo. Nilimuuliza ameanza lini. Akanitazama sana. Alisema hajawahi kuacha.

Alhamisi, 27 Machi

Msiba wa friji!

Nimeamka, nimekunywa chai, nimevaa maharage, na friji haiguni. Kimya! Nikaifuata, nikaipiga ubavuni, nikachomoa waya, nikatoa nyama zote nikaziweka kwenye ndoo, nikampigia simu fundi wa friji aje mbio. Akaja. Akachomeka. Akasema friji nzima kabisa, inaguna vizuri. Akasema tega sikio. Nikatega. Kweli, inaguna.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Alisema friji haijanyamaza hata dakika moja, ila ubongo wangu umeshaichoka, umeiweka nyuma. Huo ndio uchambuzi wenyewe! Hongera mwanangu, alisema. Mke wangu hakunipa hongera, alikuwa anarudisha nyama.

Kazini, jambo la ajabu. Nimepata tundu la tairi bila beseni. Nililizungusha karibu na uso nikasikia pssss, nikaweka kidole, hapo hapo. Nikarudia kwa lingine. Hapo hapo. Nimeacha kuchota maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwalimu wa lile gari dogo amerudi. Anasema kuna mlio akiwa barabarani, si toroli, anaapa. Waya alichomeka mashine: safi. Akachomeka tena: safi. Mwalimu akasema basi ni yeye kichaa. Bosi akasogea. Hali ikawa nzito.

Mimi sikuitwa. Nilikuwa napita na tairi begani, gari likasogezwa taratibu liingie kivulini. Nikasikia. Chini ya injini, chini ya tikitiki ya nozeli, ambayo siku hizi ni rafiki tu anayenipungia mkono, kulikuwa na mngurumo mdogo unaozunguka. Nyuma. Kulia. Nikajua ni kulia bila kufikiri, kama mtu anavyojua alipo mtu anayemwita. Nikashusha tairi, nikasema beringi ya nyuma kulia inataka kufa, asiende nayo barabara kuu na watoto ndani.

Waya hakubisha. Alileta jeki mwenyewe. Tukainua, tukazungusha gurudumu kwa mkono, likakwaruza kwa sauti ambayo hata bosi aliisikia. Mwalimu akakaa kwenye ndoo. Watoto wake wawili walikuwa kiti cha nyuma.

Bosi alinirudisha mbele leo leo. Mashine itasoma yanayosomeka, mimi nitasikiliza yanayosikika, Waya na mimi meza moja. Sharti ni moja: nisivue vifaa saa za kazi. Nikaitikia kwa kichwa, na safari hii nilijua naitikia nini. Waya akaniomba nimfundishe milio. Nilimwambia aanze na maelekezo ya pasi.

Jumapili, 6 Aprili

Mke wangu ameandaa chakula cha kunipongeza. Wamekuja bosi, Waya, mpaka rangi, mama chai na majirani. Sahani zinagongana, mama chai anasalimia. Nilikaa katikati ya zogo lote nikamsikia mke wangu ng'ambo ya meza akiniuliza kama nimeshiba. Nimeshiba, nikamjibu. Raha iliyoje! Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza. Naandika hapa ili ibaki: sitaitikia tena jambo ambalo sijalisikia.

Baada ya kula, mama mkwe akasimama kutoa neno. Alianzia siku ya harusi yetu. Akaendelea kwa shangazi zake waliohudhuria, mmoja mmoja, na nguo walizovaa. Nilikuwa nimeshiba, jua linapiga dirishani. Nikakumbuka kwamba maharage yana kitufe kidogo nyuma. Ukikibana kidogo, yanalala.

Nikabana. Amani.

Uso wa busara. Mikono nyuma. Kila aliponitazama, nikaitikia. Alizungumza kwa hisia sana, ilionekana. Akanyoosha mkono kwa Waya, nikaitikia. Akanyoosha mkono upande wa stoo, nikaitikia. Akafuta machozi. Mke wangu akanishika mkono akaubana. Bosi akasimama, akapiga makofi, wote wakapiga. Waya alikuwa ameachama mdomo. Nikainama kwa unyenyekevu.

Mfumo wangu. Hauna dosari.

Jumatatu, 7 Aprili

Seremala yuko chumbani kwetu na futi yake tangu alfajiri. Nikamuuliza kijanja anaionaje kazi. Akasema nzuri, kabati la mama litaenea, na kitanda chake pia, ila kitanda changu itabidi kisogezwe sebuleni. Nje ya geti Waya ameshusha godoro na kasha la vyombo. Akanisalimia baba mwenye nyumba. Akaniuliza kama stoo ina umeme.

Nikaenda jikoni kumuuliza mke wangu kulikoni. Akacheka. Alisema nisijifanye nimesahau ukarimu wangu wa jana. Mama anahamia moja kwa moja ili asimamie mazoezi yangu ya kusikia, na Waya, ambaye amepanga mbali, atakaa stoo ili awe ananisomea kila jioni na alfajiri. Nililikubali lote. Nilikubali mpaka mama akalia.

Kumbe lipo na jingine, akasema, la wadogo zake. Akavuta kiti, akaanza kunieleza upya tangu mwanzo, taratibu, na sababu zake zote. Maelezo yalikuwa marefu sana, na chai yangu ilikuwa inapoa.

Nimebana kitufe. Nimeitikia kila aliponitazama. Sijui nimekubali nini, ila amefurahi mno.